Mali Bila Daftari: Lebo za Redio na Mali za Biashara katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Nyeri mbele ya wafanyabiashara, viongozi wa vyama vya ushirika, maafisa wa umma, walimu na wanafunzi. Umechapishwa pamoja na maneno ambayo msemaji aliwaelekezea wasikilizaji ukumbini.

   

Kabla sijaanza nina ombi. Kila mmoja ainuke kidogo atazame mgongo wa kiti alichokalia. Mmeona? Kuna herufi mbili za rangi nyekundu zilizopakwa kwa brashi. Viti hivi ni vya kukodi. Mwenyewe ameviweka alama kwa sababu kesho vitakuwa kwenye matanga huko Tetu, na Jumamosi vitakuwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huko Karatina, vikichanganyika na viti vya mwenzake. Mama zetu hufanya vivyo hivyo: sufuria za kikundi huchorwa herufi kwa msumari, na vikombe hutiwa nukta ya rangi ya kucha kitakoni. Hakuna aliyewafundisha akina mama hao usimamizi wa mali. Walifundishwa na sufuria zilizokwenda harusini zisirudi.

Lengo langu leo ni kueleza jinsi biashara ya kawaida katika miji yetu inavyoweza kusimika mfumo wa lebo za redio, ili ijue mali zake ziko wapi na ziko mikononi mwa nani. Nataka pia tukubaliane kwamba kazi hiyo huanzia kwenye daftari, kabla mtu hajaenda kununua kifaa chochote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nina hoja sita, na zote zimesimama juu ya methali hiyo.

Hoja ya kwanza: Alama ni ya kale, jipya ni kwamba sasa alama inajibu

Waimbaji wa Agĩkũyũ wa zamani walikuwa na kibuyu cha gĩcandĩ, kilichochanjwa alama mwili mzima. Mwimbaji alikishika mkononi akazifuata alama zile, na kila moja ikamfungulia fumbo lake. Asiyejua akikishika aliona mikwaruzo tu. Ili alama iseme kitu, ilihitaji mtu wa kuisoma na kumbukumbu ya kuilinganisha nayo. Alama, msomaji, kumbukumbu: mfumo tunaouzungumzia leo, unaojulikana duniani kwa herufi nne, RFID, yaani kutambua vitu kwa mawimbi ya redio, una sehemu hizo hizo tatu. Alama ni lebo. Msomaji ni kifaa kinachoitwa kisomaji. Kumbukumbu ni rejista ya mali iliyo kwenye kompyuta.

Lebo yenyewe ni kitu kidogo: chipu iliyo ndogo kama punje ya mchanga, imeunganishwa na antena nyembamba ya shaba au alumini, kisha ikafunikwa kwa karatasi au plastiki. Lebo nyingi hazina betri. Kisomaji kinapotuma mawimbi, antena huyanasa, na nguvu hiyo ndogo huiamsha chipu. Chipu hutaja nambari yake kwa kubadilisha namna antena inavyoyarudisha mawimbi, kisha hulala tena. Kwa kuwa haina betri ya kuisha, lebo iliyotunzwa huweza kufanya kazi miaka mingi.

Wazo la kuwasiliana kwa nguvu ya redio iliyorudishwa lilichapishwa na Harry Stockman mwaka 1948. Mwaka 1973 Mario Cardullo alipata hataza nchini Marekani kwa kifaa kinachofanana na lebo za leo. Mwaka uliofuata, Juni 1974, dukani katika jimbo la Ohio, ulisomwa kwa mara ya kwanza msimbo pau, ile mistari myeusi mnayoiona kwenye paketi ya maziwa. Mistari hiyo ni lazima ionekane, na misimbo husomwa mmoja mmoja. Lebo ya redio husomwa ikiwa ndani ya boksi, na kisomaji kizuri husoma mamia kwa sekunde. Tena, mistari ya dukani hutaja aina ya bidhaa, ilhali lebo ya redio hukitaja kitu chenyewe: kiti hiki, wala si kile. Nambari inayotumika sana ina biti 96, na idadi ya nambari zinazoweza kuandikwa humo ina tarakimu 29. Hatutaishiwa nambari hata tukiweka lebo kila punje ya kahawa ya mlima huu.

Hapa niondoe kutoelewana kuwili ninakokutana nako kila mara. Kile kifaa kinacholia mlangoni mwa duka la nguo mara nyingi hakijui nguo ni ipi. Kinajua tu kwamba kuna kitu kinatoka bila kulipiwa. Na lebo isiyo na betri si kifaa cha setilaiti. Ukiiweka kwenye jenereta na jenereta ikaibwa hadi Isiolo, lebo haitakupigia simu kutoka huko. Itajibu pale tu itakapopita karibu na kisomaji. Anayewauzia lebo kwa kuahidi kwamba mtaona mali yenu kwenye ramani popote ilipo, anauza kisichokuwamo.

Hoja ya pili: Mali ndiyo ichague mawimbi

Kuna familia tatu za masafa ambazo mfanyabiashara anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya chini, karibu na kilohezi 125 hadi 134. Husomwa kwa umbali wa sentimita chache hadi makumi kadhaa, lakini haisumbuliwi sana na maji wala na mwili wa mnyama. Ndiyo maana mifugo hupewa hii: hereni ya kielektroniki ya ng'ombe hutumia kilohezi 134.2, na nambari yake ina tarakimu 15. Tatu za kwanza zinaweza kuwa za nchi. Za Kenya ni 404. Jirani zetu Tanzania walitunga sheria ya kuwatambua, kuwasajili na kuwafuatilia mifugo mwaka 2010, na neno hereni za kielektroniki limekuwa la kawaida kwa wafugaji wao.

Familia ya pili ni ya megahezi 13.56, inayotumika kwenye kadi za kufungulia milango, vitabu vya maktaba na simu zenye uwezo wa kugusisha. Umbali wake ni mdogo, kwa kawaida chini ya mita moja. Uzuri wake ni kwamba simu nyingi za leo zinaweza kuwa kisomaji, kwa hiyo fundi mwenye vifaa hamsini anaweza kuanza bila kununua mashine.

Familia ya tatu, ya megahezi 860 hadi 960, ndiyo ya stoo na malori. Husomwa kwa umbali wa mita kadhaa, wakati mwingine hata kumi, na lebo zake za karatasi zinazonunuliwa kwa maelfu hugharimu senti chache za dola kila moja. Ina maadui wawili: chuma huyarudisha mawimbi, na maji huyameza.

Sasa fikirieni mali zetu. Mkebe wa maziwa wa Mukurwe-ini ni alumini iliyojaa kimiminika, yaani maadui wote wawili wamekutana mahali pamoja. Lebo ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mkebe ule ni bubu tangu siku ya kwanza. Unahitaji lebo iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma, yenye tabaka linaloitenga antena na mkebe, ifungwe kwa ribiti shingoni karibu na mshikio, nayo iwe ya kustahimili maji moto na sabuni kali kila siku. Mtungi wa gesi ni vivyo hivyo. Tangu kanuni za gesi za mwaka 2019, hairuhusiwi kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila ridhaa yake, kwa hiyo kila mtungi una mwenyewe anayetaka kujua uliko. Gunia la kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12 ni rahisi zaidi, kwa kuwa mawimbi hupenya. Lakini magunia yakipangwa rundo nene, lebo za katikati zinaweza kujificha. Yasomeni yakipita mlangoni moja moja, msingoje yalundikwe.

Kuna jambo la sheria pia. Afrika na Ulaya ziko katika kanda moja ya kimataifa ya masafa, na Amerika iko katika nyingine. Visomaji vya Ulaya hutumia megahezi 865 hadi 868. Vya Marekani hutumia 902 hadi 928. Simu zetu za mkononi za mtandao wa megahezi 900 hutuma sauti kati ya 890 na 915. Kisomaji cha Marekani kilichonunuliwa mtandaoni kwa bei nafuu kitapiga kelele mle mle simu za jirani zinamozungumza. Kabla hujaagiza, uliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kama kifaa hicho kimeidhinishwa.

Hoja ya tatu: Daftari litangulie lebo

Hapa nitasimama kidogo zaidi, maana hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi moja katika mji mmoja wa mlima huu. Sitaitaja. Walikuwa wamekwisha kununua lebo elfu mbili na visomaji viwili, wakataka kazi imalizike kabla ya wakaguzi kufika. Niliwaambia tuhesabu kwanza, wakasema hakuna muda, nami nikakubali. Tukabandika lebo kwenye kila tulichokiona. Mashine ilipomaliza ilisema kuna vitu 1,312. Kitabu chao cha zamani kilisema 1,740. Mkurugenzi akaniuliza ni nambari gani ya kweli, nikakosa jibu. Huenda vitu 428 viliibwa. Huenda vilichakaa vikatupwa na hakuna aliyeandika. Huenda vingine viliandikwa mara mbili, au havikuwahi kuwapo. Teknolojia yote ile ilituwezesha kulitaja pengo, lakini haikutueleza pengo lile lilitoka wapi. Siku ile nilielewa kwamba lebo haitengenezi ukweli. Hurudia kwa haraka kile ambacho daftari limekwisha kukiri.

Jambo hili tumelipitia kama taifa. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 zilirithi mali za mabaraza ya miji na wilaya 175 nchini kote, yakiwamo ya hapa kwetu. Ardhi, magari, majengo, samani: swali la kwanza kila mahali lilikuwa, viko wapi na hati zake ziko wapi? Kazi ya kutambua na kuthibitisha mali hizo ilichukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inamtaka afisa mhasibu asimamie mali na stoo ili kuzuia upotevu, na hata sasa rejista ya mali isiyokamilika ni hoja inayojirudia katika ripoti za ukaguzi. Mzee aliye hapa mbele ananitazama kana kwamba nasema habari za serikali pekee. La, mzee wangu. Nendeni kwenye stoo ya chama chochote mkaulize pampu ya akiba iko wapi.

Kwa hiyo, kabla ya lebo, fungueni daftari lenye safu tano. Kitu ni nini, kwa jina ambalo wafanyakazi wenyewe hulitumia. Kilinunuliwa lini na kwa kiasi gani. Kinakaa wapi. Ni nani anayekijibia, na hapo liandikwe jina la mtu, maana idara haiwezi kuulizwa swali. Kiko katika hali gani. Hesabuni kwa mikono mara mbili, watu wawili tofauti, siku mbili tofauti. Hesabu hizo zikilingana, mko tayari kwa safu ya sita, ambayo ni nambari ya lebo. Zisipolingana, mmepata kazi yenu ya kwanza, tena bila kutumia shilingi moja.

Hoja ya nne: Anza na mlango mmoja, na upige hesabu kwa uaminifu

Mwaka 2003 kampuni kubwa ya rejareja ya Marekani, Walmart, iliwataka wagavi wake wakuu 100 waanze kuweka lebo za redio kwenye mizigo yao ifikapo Januari 2005. Fedha zilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Hata hivyo mpango haukuenea kama ulivyotangazwa. Lebo zilikuwa ghali, na bidhaa zenye maji na chuma zilisumbua. Miaka kadhaa baadaye kampuni hiyo ilirudi kwa njia nyembamba zaidi, ikaanza na nguo, ambazo hazina maji wala chuma. Ikiwa jitu lile lililazimika kujifunza kuanza padogo, sisi wa Chaka na Kerugoya tuanze padogo tangu mwanzo.

Chagueni mlango mmoja ambao mali hupitia ikitoka. Chukueni lebo za aina tatu au nne, kumi kumi za kila aina, mzifunge kwenye mali halisi, mzipitishe mlango huo mara mia kwa mwendo wa kawaida wa kazi, siku kavu na siku ya mvua ya Aprili. Andikeni zilizosomwa na zilizokosa. Punguzeni nguvu ya kisomaji hadi kisisome vitu vilivyo rafuni upande wa pili wa ukuta. Kisha amueni nani atapata taarifa kitu kinapotoka bila ruhusa, na atafanya nini katika dakika kumi zinazofuata. Kama hakuna mtu wa kujibu swali hilo, msisimike mfumo kwenye mlango huo.

Sasa tupige hesabu. Nambari hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme mwenye viti hivi ana viti 600, na kila kimoja humgharimu shilingi 700. Lebo ngumu imemfikia kwa shilingi 50, na kisomaji cha mkononi kwa shilingi 120,000. Lebo zote ni shilingi 30,000, jumla 150,000. Kama hupoteza viti 40 kwa mwaka, hasara yake ni shilingi 28,000. Hata lebo zikizuia upotevu wote, jambo ambalo haliwezekani, atangoja zaidi ya miaka mitano kurudisha fedha zake. Mimi nauza huduma hii, lakini kwa viti peke yake ningemwambia: kaka, endelea na rangi nyekundu.

Lakini mtu huyo huyo ana mahema kumi, jenereta mbili, vipaza sauti, majiko makubwa ya gesi na sufuria za kupikia watu mia tatu. Hema moja likikosa nguzo mbili, sherehe nzima imeharibika. Hapo lebo inalipa, kwa sababu inajibu swali la saa kumi na moja alfajiri wakati lori linapakiwa: je, kila kipande cha hema hili kimo? Mwenye kukodisha mashine za kuchanganyia zege na vyuma vya jukwaa mjini Nanyuki yuko katika hali hiyo hiyo. Na wafanyabiashara watano wa mtaa mmoja wanaweza kununua kisomaji kimoja kwa pamoja. Sisi tulionunua mashamba kwa vikundi hatuwezi kushindwa na kisomaji.

Hoja ya tano: Lebo hutoa ushahidi, ulinzi ni kazi ya watu

Hakuna aliye hapa ambaye hajasikia habari za kiwanda cha kahawa kuvamiwa usiku, mlinzi akafungwa kamba, na magunia yakapakiwa kwenye lori. Kahawa ile ni mwaka mzima wa mkulima: kupogoa, mbolea, kuchuma, foleni kiwandani. Sitathubutu kusema kwamba lebo ingewazuia watu wenye silaha.

Nitasema ingefanya nini. Kila gunia likishonwa lebo mdomoni, kwa namna ambayo kulifungua ni kuikata lebo, na gunia likasomwa na kupimwa uzito mara tatu, mlangoni pa stoo ya kiwanda, linapopakiwa kwenye lori, na langoni mwa kinu cha kukoboa, basi upungufu wowote una anwani. Magunia yakitoka 200 na kupakiwa 200 na kufika 196, tunajua ni sehemu gani ya njia iliyokula manne. Msinielewe vibaya hapo kwenye uzito: lebo huhesabu magunia, haihesabu kilo. Gunia linaweza kufika salama likiwa limekonda. Faida nyingine ni kwamba soko la Ulaya linazidi kuuliza kahawa imetoka shamba gani, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inadai mahali hasa ilipolimwa. Chama chenye magunia yanayojieleza kitajibu swali hilo bila kuhangaika.

Tunayo mifano miwili ya karibu. Wengi wetu tumepita hifadhi ya Solio tukielekea Nyahururu kupitia Mweiga, na tumefika ile ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, kwa hiyo tunawajua majirani zetu vifaru. Mwaka 2013 shirika la uhifadhi la WWF liliipa Idara ya Wanyamapori ya Kenya chipu 1,000 na visomaji vitano kwa ajili ya pembe za vifaru. Chipu haimzuii jangili kufyatua risasi. Kazi yake ni kuifanya pembe iliyokamatwa bandarini iseme imetoka kwa kifaru yupi, ili kesi isife mahakamani.

Mfano wa pili uko barabarani. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo inayopita kutoka Mombasa. Lori hufungwa kufuli la kielektroniki linalotoa taarifa likifunguliwa njiani. Teknolojia yake ni pana kuliko lebo zetu, kwani hutumia setilaiti na mtandao wa simu. Lakini tazameni kinachoupa nguvu: vikosi vya maafisa vilivyowekwa njiani ili taarifa ikitoka, mtu aende. Kufuli linalolia bila mtu wa kwenda ni kama kamsa inayopigwa kijijini usiku na kila mtu akajifunika blanketi.

Hoja ya sita: Lebo ni za vitu, tusiwavishe watu

Hoja hii ya mwisho nimeiweka kwa sababu ya historia ya mahali hapa.

Sheria ya kusajili wenyeji ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole na habari za mwajiri wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Babu zetu walisema walivishwa kengele kama mbuzi. Kipande kilikuwa mojawapo ya mambo aliyoyapinga mwanaharakati Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922. Neno kipande halijasahaulika katika milima hii.

Ndiyo maana namwambia kila mwajiri: ukimpa mfanyakazi beji yenye chipu, mweleze inasoma nini, wapi, na kwa nini. Beji ya kufungulia mlango wa stoo ni halali. Kisomaji kilichofichwa ili kuhesabu ameingia msalani mara ngapi ni kipande kilichorudi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na kwa kiasi kinachohitajika, na ipo ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Isitoshe, mfumo hufa wafanyakazi wasipouamini. Lebo hung'olewa kwa kucha. Mtunza stoo akijua kwamba rejista inamlinda, kwamba pampu ikipotea mikononi mwa mwingine jina lake litasafishwa, atazichunga lebo hizo kuliko mwenye mali.

Ndugu zangu, nakaribia mwisho, na macho yangu yako mbele.

Hapa Nyeri tuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na katika eneo lake la sayansi na teknolojia kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, inayojishughulisha na semikondakta, ile tasnia ambayo chipu huzaliwa humo. Sisemi kwamba lebo za magunia yetu zitatengenezwa hapo kesho. Nasema kwamba mtoto wa Mweiga anaweza kusomea kazi hii bila kuvuka bahari, na hilo halikuwapo nilipokuwa na umri wake.

Wanafunzi mlio nyuma, nawaachia kazi tatu. Fanyeni majaribio ya lebo kwenye mikebe na magunia halisi ya hapa, mchapishe matokeo ili mfanyabiashara wa Kutus asinunue kwa kubahatisha. Tengenezeni programu ya rejista inayozungumza Kiswahili na Gĩkũyũ na Kimeru, ambayo mtunza stoo ataielewa bila kumwita mtu. Na jifunzeni kuvitengeneza visomaji, kwa sababu kifaa kisicho na fundi karibu ni taka inayosubiri. Vyama vya ushirika, kazi yenu ni moja: fungueni stoo zenu kwa wanafunzi hawa. Na kila mwenye duka anunue daftari la karatasi leo akielekea nyumbani.

Asubuhi nilifika mapema nikamkuta kijana aliyevileta viti hivi akivipanga. Nikamuuliza ameleta vingapi. Hakukisia. Alitoa mfukoni daftari lililokunjika pembe, akalifungua, akasoma: 240, vimetoka saa moja kasorobo, dereva fulani, vinarudi leo jioni. Tukimaliza atasimama pale mlangoni avihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, na kwa hesabu niliyoifanya leo sioni sababu ya kumuuzia lebo bado. Lakini siku biashara yake itakapokua hadi kidole kisitoshe, mfumo utamkuta tayari, kwa maana kazi ngumu ameshaifanya kwa kalamu. Nawaomba tutakapotoka tumpe nafasi amalize hesabu yake.